Mzee Anayerefuka

Kwa miezi saba mizima niliamini, tena kwa moyo mweupe, kwamba wale vijana wawili wa mashati meupe waliokuwa wakipita kila siku mbele ya banda langu la ushonaji pale Visiga walikuwa na miaka sitini na ushee kila mmoja. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba mteja akisema "fundi, napitia kesho asubuhi," huyo simwoni mpaka mwezi uandame.

Aliyeniambia ni dobi wa banda la jirani. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia pasi yale mashati, kwa hiyo kwangu alikuwa shahidi mzito kuliko majaji wote wa nchi hii wakiwekwa kwenye mizani moja. Siku hiyo walipita, mmoja Mzungu mrefu kama nguzo ya umeme, mwenzake mfupi, wa Zimbabwe, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Wakatupungia mkono, wakaendelea na shughuli yao ya kubisha hodi kwa watu.

"Unawajua hao?" dobi akaniuliza.

"Si Wamormoni hao? Wahubiri."

"Nauliza umri wao unaujua?"

"Watoto tu wale."

Dobi akacheka mpaka cheche zikaruka kwenye pasi. "Fundi, na shule yote ile ya jioni! Hujasoma kibao kifuani?"

Kibao nilikuwa nimekisoma. Mimi kidato cha nne nilimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na tisa, dawati moja na watoto ambao baba zao niliwashonea suti za harusi. Tangu nipate kile cheti sipitwi na maandishi, hata karatasi ya kufungia maandazi naisoma pande zote mbili. Kibao chao kilikuwa cheusi, herufi nyeupe. Kiliandikwa Mzee, halafu jina la ukoo.

"Mzee," nikasema.

"Basi, unataka nini tena? Mtu aandikwe mzee kifuani, kwa herufi za kuchongwa, halafu awe mtoto? Hao hawanywi chai, hawanywi kahawa, bia hawaijui, sigara hawaijui. Chai ndiyo inayokunja ngozi ya binadamu, ndugu yangu. Wao ngozi yao haina sababu ya kukunjika. Yule mrefu ana wajukuu."

Kesho yake nikafanya utafiti wangu mwenyewe. Walipotokea nikasimama, nikaweka mkasi chini, nikasema kwa adabu zote, "Shikamoo mzee."

Kijana wa huku ukimwamkia shikamoo kwa bahati mbaya anaruka kama amekanyaga kaa la moto. Huyu hakuruka. Alisimama katikati ya vumbi, akatabasamu meno yote thelathini na mawili, akajibu kwa sauti iliyofika Mlandizi: "Marahabaaa!"

Nikamgeukia dobi. Dobi akainua nyusi tu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Tangu siku hiyo nikawa nawavutia kiti. Na chai nikaacha. Siku kumi na moja sikuionja, nikavumilia kichwa kinachogonga kama mashine ya kukoboa mpunga, huku kila asubuhi nikijitazama kwenye kile kioo cha wateja nione kama makunyanzi yameanza kufunguka. Siku ya kumi na mbili mke wangu akaniambia nimezeeka ghafla, nikarudi kwenye chai yangu na kuyakubali makunyanzi kama sehemu ya mwili.

Mwanzoni mwa masika yule mrefu aliniletea suruali. Akaionyesha tu, "Fupi, baba, fupi," na kweli ilikuwa imepanda juu ya soksi. Nilipolifumua pindo nilishangaa. Suruali yenyewe ilikuwa ya dukani, ya kiwanda, lakini pindo lilikuwa limekunjwa kwa mkono, na ndani kulikuwa na kitambaa cha ziada cha vidole vinne. Uzi ulikuwa umepigwa mara mbili mbili, mshono wenyewe umepinda kidogo, kama wa mtu ambaye si fundi ila amekusudia usiachie. Nikashusha vidole viwili, nikabakiza viwili na uzi wake wa mkono kama ulivyokuwa.

Sasa hapo, mimi fundi wa miaka zaidi ya ishirini, ningepaswa kujiuliza. Ziada ya pindo unamwachia mwanafunzi. Mzee wa miaka sitini humwachii kitu, kwa sababu kama kuna anakoelekea ni kupungua. Mvulana wa kumi na nane ukimpima Januari na ukampima tena Desemba utadhani umebadilishiwa mteja, na ukimshonea suruali ya kumtosha leo umemwibia. Haya yote mikono yangu inayajua. Ila kichwa kilikuwa kwa dobi, nami nikajiambia kwamba maji yetu ya kisima yana chumvi, kitambaa kimerudi kwa kufuliwa, basi.

*

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akikata vitambaa mezani wakati huo. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa wa Kurui, kule ndani Kisarawe. Nilimchukua akiwa anaanza sekondari, mwembamba kama uzi namba sitini, akasoma hapa Kibaha na kukaa kwangu, na alipomaliza akabaki bandani kujifunza cherehani. Wahubiri waliowatangulia yule mrefu na mwenzake walianza kumsalimia tangu akiwa shuleni, wakamkaribisha kwenye darasa lao la Kiingereza, kisha ibada ya Jumapili, na siku moja akaniambia kwamba amebatizwa huko.

Sisi kwetu ni watu wa usharika, Walutheri wa kuzaliwa, na dada yangu anaimba kwaya tangu kabla kwaya haijapata sare. Nilipompigia kumwambia, simu ilinyamaza mpaka nikadhani mtandao wa Kurui umekwenda likizo.

"Nilikukabidhi Mlutheri," akasema mwishowe, "umenirudishia Mmormoni. Wewe ukiazimwa hata ungo, unarudisha beseni."

Lakini alimzoea. Kijana alikuwa anakwenda Kurui kila likizo, analima, anachota maji, na kwa kuwa shetani wa chai alikuwa amemtoka kijana, dada alibaki na majani mengi zaidi ndani. Kwa hiyo la dini lilitulia. Lililokuja kutuchoma ni hili lingine.

Wiki aliyotimiza miaka kumi na nane, mpwa wangu alizima cherehani, akaweka mikono magotini.

"Mjomba, nataka kwenda kuhudumu."

"Wapi?"

"Kokote watakakonipangia. Inaweza kuwa Zambia, inaweza kuwa Ghana. Miaka miwili. Kama wale wanaopita hapa."

"Kama wale?" nikasema. "Mtoto wewe, ile ni kazi ya watu wazima."

"Zamani mvulana alikuwa anaanza akiwa na kumi na tisa, mjomba. Siku hizi hata kumi na nane unaruhusiwa, ukishamaliza shule."

Kichwani mwangu kila kitu kikajipanga vizuri zaidi kuliko mwanzo. Umri umeshuka kwa sababu wazee wamekwisha, sasa wanajazia na watoto!

"Utakwenda kufanya nini katikati ya wazee wa watu?" nikamwambia.

"Wale si wazee, mjomba. Yule mrefu ananizidi..."

"Nyamaza. Najua kuna mambo mmekatazwa kusema."

Akaniangalia, mdomo ukataka kucheka, akauzuia. Kwetu mjomba unamwambia mara moja. Akawasha cherehani, akaendelea na sketi za shule.

Kiongozi wao wa hapa alikuwa ameshamhoji, na akasema kwa upande wake anamwona yuko tayari. Fomu zilikuwa zimejazwa. Kilichobaki ni kitu ambacho hakuna aliyemlazimisha, alijiwekea mwenyewe: bila neno la mama yake haendi. Aliniambia hivyo bila kununa, na hilo ndilo lililoniuma. Angenuna ningejua la kufanya.

Dada naye akanitupia mimi mzigo wote. Akanipigia akiwa amesimama nyuma ya ghala la korosho, maana kwingine simu haishiki.

"Mimi namwona likizo tu. Wewe ndiye unayeishi naye. Amekomaa, au hajakomaa? Sitaki hotuba zako. Nataka neno moja. Ukisema amekomaa, aende na baraka zangu. Ukisema bado, abaki, na sitaki anune."

"Dada, jambo kama hili..."

"Umeanza hotuba."

*

Nikajipa wiki mbili za kumchunguza. Nilimchunguza yule kijana kama daktari anavyochunguza kikohozi.

Siku ya tatu alikata suruali ya suti ya mwalimu mmoja wa Kongowe. Kitambaa kizuri, cha bluu iliyoiva. Akakikunja vibaya, akapitisha mkasi, akapata miguu miwili, yote ya kushoto. Mimi sikuwepo, nilikwenda kufuata vifungo. Kijana mwingine angeficha vile vipande chini ya meza akasingizia panya, na mimi mwenyewe katika ujana wangu nimeshasingizia panya mambo ambayo hata simba hawezi. Yeye alifunga banda, akatembea kwa miguu kutoka Visiga mpaka Kongowe, akambishia mwalimu hodi, akamwonyesha vipande vyote viwili na kusema, "Mwalimu, nimeharibu kitambaa chako, ni mimi, fundi hayumo." Aliporudi ndipo akaniambia mimi. Mwalimu alipopita kesho yake, badala ya kunigombeza akaniuliza kijana huyu ni wa nani. Tukahangaika na kitambaa cha kufanana mpaka kikapatikana Mlandizi.

Nikajisemea, huyu amekomaa. Nikashika simu.

Kabla sijabonyeza nikasikia kelele nyumbani, jikoni. Mpwa wangu mwenye miaka kumi na nane, mtarajiwa wa Zambia na Ghana, alikuwa anagombania ukoko wa wali na binti yangu wa miaka minane. Si utani. Mmoja ameshika sufuria huku, mwingine huku.

"Jana ulikula wewe!"

"Jana ulikuwa ugali, ugali hauna ukoko mtamu!"

"Mjomba, mwambie mtoto wako!"

Nikairudisha simu mfukoni.

Nikamweleza dobi. Dobi akasema, "Kumi na nane ndivyo ilivyo. Serikali inampa kura, nyumbani hapewi rimoti."

Nilicheka, lakini moyoni sikucheka sana, na sababu yake naijua mimi na, kama nilivyokuja kugundua, mtu mwingine mmoja. Nilipokuwa na miaka kumi na nane baba yangu aliniambia nimekuwa mtu mzima, akanitafutia kazi kwenye shamba la kuku huku huku Kibaha. Alinipa suruali yake mwenyewe, nikaikunja kiunoni mara mbili na miguuni mara tatu, nikaifunga na kamba ya katani. Niliondoka Kurui natembea kama waziri. Nilikaa siku tisa. Hakuna aliyenipiga wala kunidhulumu. Chakula kilikuwepo, kuku walikuwa wapole. Ila ikifika jioni, ile saa ambayo nyumbani dada alikuwa anaanza kupepeta mchele huku anaimba, koo langu lilikuwa linajaa kitu kama pamba. Siku ya tisa nikafunga kamba yangu, nikarudi, njia nyingine kwa gari na nyingine kwa miguu, umbali ambao leo hii nikiusimulia unafika kilomita mia nne.

Dada ndiye aliyenikuta kwenye mikorosho. Hakuuliza. Alinipa maji, akaniosha uso kwa kanga yake. Baba aliporudi nikamwambia kuku wamekufa wote, elfu nne, kwa ugonjwa, shamba limefungwa. Baba akasikitika sana kwa ajili ya mwenye shamba. Kuku wale waliendelea kutaga miaka mingi baadaye, na mimi nilipohamia Kibaha kujifunza ushonaji nilikuwa napita njia ya mbali nisikutane na mayai yao.

Kwa hiyo nilipomtazama mpwa wangu akilamba vidole vya ukoko, sikumwona yeye. Niliiona ile kamba ya katani. Halafu nikafikiria Zambia. Kutoka Zambia huwezi kurudi kwa miguu ukafikia kwenye mikorosho.

Nikampigia dada. "Bado," nikasema. "Hajakomaa. Ile ni kazi ya wazee, dada, mimi nawaona kila siku. Amekuwa mtu mwema, lakini bado."

"Haya. Jumamosi nakuja kumwambia mwenyewe. Si jambo la simu."

Kijana alikuwa mezani, alisikia upande wangu wote. Akachukua kipande cha chaki, akachora mstari mmoja mrefu kwenye kitambaa, na nakwambia mstari ule ulikuwa umenyooka kuliko reli. Kisha akaingia nyuma kwenye pazia la kupimia nguo, akakaa huko muda mrefu kuliko wa mtu kujaribu nguo yoyote.

*

Jumamosi dada alifika na kiroba cha mihogo na mananasi mawili, akashuka amejifunga kanga yake ya safari. Nikamwamkia, mpwa akampokea mzigo, akamletea maji ya kunywa, akapiga goti kumpa. Dada akamshika kichwa kama mtu anayepima tikiti maji sokoni.

"Umekonda."

"Sijakonda, mama. Nimerefuka."

Alitaka kuanza kusema alilolijia, nililiona kabisa neno limefika mdomoni. Akajipa kazi kwanza ili alicheleweshe. Mezani kulikuwa na suruali ya yule mrefu. Alikuwa ameirudisha juzi yake, imepanda tena juu ya soksi, na mpwa wangu alikuwa ameigeuza ndani nje anaanza kufumua lile pindo kwa mara ya pili. Dada akaivuta kwake. Yeye si fundi, lakini ametushonea viraka nyumba nzima tangu mama yetu afariki.

Akapitisha kidole gumba juu ya uzi uliobaki. Akarudia.

"Nani alishona hapa?"

"Suruali ya mzee mmoja," nikasema.

"Sijauliza ya nani. Nauliza nani alishona. Hii si kazi ya cherehani. Huyu alikuwa anashona huku analia."

Mpwa wangu akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Wakati huo huo wenyewe wakatokea, mrefu mbele, wa Zimbabwe nyuma. Nikaruka kuvuta kiti. "Shikamoo mzee, karibu mzee."

Lakini yule mrefu alikuwa amemwona dada. Akapita kiti changu kama hakipo, akainama mpaka tai ikagusa meza. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Dada alikuwa bado ameshika suruali. Akamtazama juu, shingo imepinda kama anatazama nazi. Halafu, mbele ya wateja wawili na dobi aliyekuwa ametega sikio, akauliza swali ambalo kwa miezi saba, pamoja na cheti changu, sikuwa nimewahi kuliuliza.

"Una miaka mingapi?"

Nilikuwa na pini tatu mdomoni. Nusura nizimeze. Mzee haulizwi hivyo!

"Kumi na nane, mama," akasema. "Mwezi ujao kumi na tisa."

Dobi akaangusha pasi. Sisemi aliiweka chini, aliiangusha.

"Na hili pindo?"

Yule kijana akaliangalia. Uso wote ukawa mwekundu mpaka kwenye masikio, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho kilikuwa wazi siku zote, kwamba kwenye kidevu chake kulikuwa na ndevu nne, na mojawapo alikuwa ameikata kwa wembe vibaya.

"Mama yangu," akasema. "Usiku kabla sijaondoka. Alisema, utarefuka huko na mimi sitakuwepo."

Dada akakaa kwenye kile kiti nilichomvutia mzee.

"Ulilia?"

Akamtazama mwenzake, akamtazama mpwa wangu, akanitazama na mimi. "Wiki ya kwanza sana. Wiki ya pili kidogo. Siku hizi Jumatatu tu. Jumatatu tunaruhusiwa kuongea na nyumbani kwa simu. Nikikata ndiyo nalia. Kidogo."

"Mama yako unamwambia kwamba unalia?"

"Namwambia. Yeye pia ananiambia."

"Na huyu mwenzako anafanya nini ukilia?"

Wa Zimbabwe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuhesabia nyanya, akajua anazungumzwa, akasema, "Mimi pika wali."

"Anaunguza," mrefu akasema. "Tunagombania ile ya chini. Ngumu, ya kahawia. Mnaitaje?"

"Ukoko!" mpwa wangu akasema, na akacheka kicheko chake chote, cha jikoni.

Dada hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Na wewe utalia?"

Kicheko kikakatika. Kijana akaweka mkasi mezani taratibu, ncha ikitazama kwake, kama nilivyomfundisha. "Nitalia, mama."

"Utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hutaniambia kuku wamekufa?"

Hakunitazama aliposema. Hakuhitaji. Mimi nilijikuta natafuta pini chini ya meza, pini ambayo haikuwa imeanguka, na nilikaa chini ya ile meza kama mwaka na nusu hivi. Miaka yote hiyo nilidhani elfu nne wale wamezikwa. Kumbe alijua tangu nilipokuwa naoshwa uso, na hakuwahi kumwambia baba, wala hakuwahi kuniambia mimi kwamba anajua.

"Sitakuambia hivyo," mpwa wangu akasema. Hakuelewa habari ya kuku, lakini alijibu vizuri.

Yule mrefu akataka kusaidia. "Baba fundi," akaniambia nikiinuka, "asante sana kwa shikamoo. Shuleni tulifundishwa, shikamoo, jibu ni marahaba. Nilikaa miezi nasubiri mtu aniambie. Hakuna aliyeniambia. Wewe tu, kila siku. Nilifurahi sana."

Dobi, yule shahidi wangu, akakumbuka kwamba ana mkaa wa kupepea nyuma ya banda.

Dada akainuka, akakaza kanga. Aliniambia, "Mpime."

"Nani?"

"Mwanangu. Mshonee suruali mbili za hiyo kazi, nyeusi. Kiuno kimkae vizuri, asije akafunga kamba. Pindo usiguse, pindo nitashona mwenyewe kwa mkono wangu."

Mpwa wangu alisimama wima. Nikamzungushia tepu kiunoni, nikashuka nayo mguuni. Nimepima suruali ambazo zikitandikwa zinafika Morogoro na kurudi, lakini siku hiyo tarakimu zilikuwa zinateleza machoni, ikabidi nipime mara mbili.

"Niache ziada kiasi gani?" nikauliza nikiwa nimepiga magoti.

"Vidole vinne," dada akasema.

Nikaandika vinne. Lakini kichwa changu bado kilikuwa kinahangaika na yale mambo ya miezi saba, viti nilivyovuta na chai niliyoacha, na nikamnong'oneza, maana yule mrefu alikuwa amesimama pale pale, soksi zote nje, "Lakini dada, si kimeandikwa mzee pale kifuani?"

Dada akanichomolea pini moja iliyokuwa imebaki kwenye kola ya shati langu, akaichomeka kwenye mto wa pini.

"Kile ni cheo tu, mdogo wangu," akasema. "Huyu ni mtoto wa kumi na nane, na bado anakua. Mshushie pindo."